Chuma cha Bibi Susana na Chuma cha Meneja

Nyumba ile uliiona. Usiseme hukuiona. Iko kando ya njia ya kwenda kanisani, kule Mbaga, nawe ulipita hapo viatu mkononi, ukatazama upande wa pili. Ukajiambia, "Ana mjukuu wake, hana shida." Basi kaa chini nikueleze yaliyotokea upande ambao hukutazama.

Mwaka ule majirani wengi walikuwa wamehamia kijiji cha ujamaa huko tambarare. Mlimani alibaki Bibi Susana na mjukuu wake Eliakunda, msichana wa darasa la sita. Mama yake Eliakunda alikuwa mpishi wa meneja wa shamba la mkonge karibu na Makanya, na alipanda mlimani mara mbili tu kwa mwaka. Kila asubuhi Eliakunda aliteka maji, akafagia uwanja, akaenda shule. Jioni aliwakuta Bibi na mbuzi mmoja. Siku nyingi zilipita bila mtu wa tatu kupiga hodi.

Jumapili ndiyo ilikuwa na watu. Baada ya ibada walikuja watano, sita, kula mikate ya madirisha. Bibi aliioka kwa chuma kizito cheusi: sahani mbili zenye mishikio mirefu, zilizofungana kama kitabu, na ndani yake vijumba vya mraba. Alimimina uji mzito wa unga na mayai, akakifunga, akakiweka juu ya mafiga, kisha akakigeuza. Mkate ulitoka na madirisha pande zote. Kabla ya Vita Kuu ya Pili Bibi alimpikia mke wa mchungaji wa Kijerumani miaka kumi na mmoja. Siku ya kuagana aliachiwa chuma hicho, basi.

Likizo ya Desemba Eliakunda alishuka Makanya kwa mama yake. Jikoni kwa meneja aliona chuma kingine. Chepesi, kinang'aa kama kioo, kina waya wa umeme na taa ndogo nyekundu. Taa ikizimika, mkate umeiva pande zote mbili, na mpishi haungui vidole. Meneja alikula mmoja, peke yake kwenye meza ya watu wanane. Iliyobaki alipewa mbwa. Redioni walikuwa wanatuhubiria usawa.

Lakini Eliakunda alirudi na kitu kimoja tu kichwani: ule mng'ao. Shuleni mwenzake Lukia alimtania, "Chuma chenu cheusi hivyo, mnaokea mikate au mkaa?" Na wakati huo walimu walikuwa wakipita nyumbani kukagua usafi. Sufuria isiyong'aa ilikuwa aibu ya msichana wa nyumba.

Jumamosi moja Bibi akiwa shambani, Eliakunda alichukua mchanga, majivu na sabuni, akakisugua chuma kama alivyofundishwa kusugua sufuria. Alisugua mpaka kikawa kijivu, kinang'aa. Alifurahi sana.

Kesho yake uji uligandia. Bibi alipokifungua, mkate ulichanika vipande viwili, moshi ukajaa jikoni. Wageni walikohoa.

"Nani amekigusa?" Bibi aliuliza.

"Sijui, Bibi. Labda kimezeeka."

Bibi alikigeuza huku na huku katika moshi; macho yake ya uzee hayakuona mng'ao. "Labda," alisema, akakitundika ukutani.

Jumapili ya pili alikuja Mzee Sefania peke yake, akanywa chai kavu, akaaga. Ya tatu hakuja mtu. Bibi alipanga vikombe sita mezani, akakaa kuitazama njia. Watu walipita. Wewe pia ulipita. Saa nane alivikusanya vikombe vikiwa safi kama alivyovipanga.

"Usisikitike, Bibi," Eliakunda alisema.

"Sisikitiki. Kitu kikizeeka kinatundikwa. Ndivyo ulivyosema."

Eliakunda aliona kwamba Bibi hakuwa akitazama ukutani. Alikuwa akiitazama mikono yake mwenyewe. Msichana akaanza kulia.

"Bibi, hakikuzeeka. Nilikisugua mimi. Kwa mchanga."

"Kwa mchanga?"

"Na majivu. Na sabuni."

"Na sabuni!" Bibi aliinuka. "Wiki mbili, Eliakunda! Wiki mbili umeniacha nijihesabu kuwa nimekwisha!" Alitoka nje, akasimama na mbuzi wake muda mrefu. Aliporudi, macho yalikuwa mekundu. "Leta samli. Washa moto."

Siku nne mfululizo, kila akitoka shule, Eliakunda alikipaka chuma samli, akakichoma mpaka kikatoa moshi, akakifuta, akakipaka tena. Alijifunza kwamba ule weusi haukuwa uchafu. Ulikuwa mafuta ya miaka mingi, na ndiyo yaliyozuia mkate kuganda. Mkate wa kwanza aliula mbuzi. Wa nne ulitoka mzima.

Jumamosi Bibi alimtuma nyumba kwa nyumba. "Usiseme chuma kimepona tu. Sema nani alikiharibu."

Alisema. Alieleza hata chuma cha meneja na utani wa mkaa. Kwa kina Lukia alisema huku watu wote wakimcheka.

Jumapili walikuja wanne, Lukia akiwamo. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye unayetaka kula mkaa?" Lukia alificha uso, wote wakacheka.

"Kile cha meneja ni bora?" Mzee Sefania alichokoza.

"Kwa vidole vya mwanangu, ni bora," Bibi alijibu. "Kinaoka upesi. Ila anakula nacho mtu mmoja." Akamgeukia mjukuu wake. "Kuharibu kwa kutojua nimekusamehe siku ileile. Uongo ndio ulionifungia mlango. Ukikosea, sema kabla mwenzako hajajilaumu kwa kosa lako."

Wageni walikuwa wanne. Vikombe vilikuwa sita.

Kimoja kati ya viwili vilivyobaki ni chako. Usinitazame mimi. Funga kitabu, inuka, nenda kwenye mlango ule unaoupita kila siku, upige hodi. Leo hii.