Nilimnyang'anya Mume Wangu Swali Lake Mbele ya Wakwe

Nina miaka arobaini na sita, nina binti mmoja, Shiru, na kwangu ni Kimbo, Ruiru. Mume wangu, Baba Shiru, ni muuza mitumba Thika. Zamani sauti yake iliita wateja kutoka upande wa pili wa soko! Kisha akapata saratani ya koo. Ili apone, ilibidi madaktari waondoe kisanduku chote cha sauti. Akabaki na tundu shingoni la kupumulia... na kimya.

Hapo nikawa mdomo wake. Nilisoma midomo yake, nikapokea simu zake, nikabishana na wateja kwa niaba yake. Niseme ukweli ingawa ni aibu? Nilifurahia. Mwanamume wa soko zima sasa alikuwa wangu peke yangu!

Kisha akatokea Nyambura.

Huyu ni mjane wa Thika aliyewahi kufanyiwa upasuaji kama huo, na kliniki humwita awafunze wagonjwa wapya kuongea. Njia yao ni ya ajabu. Unameza hewa kidogo, unairudisha kama mtu anayebeua, na ule mbweu unaugeuza kuwa neno. Sauti hutoka nzito, ya kukwaruza. Siku moja nilienda kumchukua mume wangu nikawakuta wawili hao wanabeua na kucheka, mabega yanawatikisika kama watoto wa shule. Kwangu alikuwa hajacheka tangu augue... Ningekosaje kuona wivu?

Nikaanza vituko. Siku za mafunzo nilisingizia kuumwa na kichwa ili asiende. Akifanya mazoezi nyumbani, nilifungulia redio. Na neno lake la kwanza, mnajua alimpa nani?

"Mama Shiru, leo ameitisha chai mwenyewe, haki!" Nyambura aliniambia kwa ile sauti yake, uso unang'aa. Nilijifungia chooni nikalia.

Mwaka huu wakwe walikuja kwa ruracio ya Shiru, sherehe ya kuleta mahari. Kwetu Wakikuyu, baba husimama na kumuuliza binti mbele ya wote kama kinywaji cha wageni kinywewe. Binti akikubali, amekubali mume. Baba Shiru alilifanyia mazoezi swali hilo kwa miezi. Kaka yake alipojitolea kumsemea, alikataa katakata.

Akasimama. Hema lote la wageni likamgeukia. Akameza hewa... haikurudi. Akameza tena. Nikageuka, nikamwona Nyambura, aliyealikwa na Shiru mwenyewe, anameza naye, midomo yake ikimsaidia! Na macho ya mume wangu yalikuwa kwake, si kwangu.

Damu ilinipanda. Nikaruka juu. "Shiru, baba yako anauliza, tukunywe hii kitu ama tusikunywe?"

"Kunyweni," Shiru alijibu, lakini alikuwa akimtazama babake, na machozi yalikuwa yanamtoka. Watu wakapiga vigelegele. Baba Shiru akaketi polepole.

Wageni walipoondoka nilimwomba msamaha. Akameza hewa, ikarudi bila shida yoyote.

"Ilikuwa inakuja, Mama Shiru."

Tangu hapo hajanipa neno lingine. Wateja anawaita tena, mchungaji anamsalimia, simu za Shiru anapokea mwenyewe. Mimi ananionyesha kwa mkono. Mwajua uchungu wa kumsikia mumeo akiongea chumba cha pili, ukiingia ananyamaza?

Nyambura sijampenda bado, sitawadanganya. Lakini si yeye aliyenifanyia haya.

Ndugu zangu, ukimuuguza mtu, muuguze apone, hata kama akipona hatakuhitaji. Akisimama kutafuta neno lake, funga mdomo wako! Acha watu wakohoe, acha kimya kikuchome. Mimi sikuweza kungoja hata kidogo... sasa nangoja kila siku, na sijui kama atanisemesha tena.