Mnyororo wa Saa Sita

Tangazo rasmi kwa mabibi na mabwana: haya ni mapenzi makubwa kuliko yote yaliyowahi kuitikisa Bagamoyo. Yalianzia stendi ya Msata, kando ya beseni la mayai ya kuchemsha.

Arafa, fundi wa nakshi za chokaa kutoka Fukayosi, alisimama na dera lake la zambarau lililojaa vumbi la malori, macho chini.

"Umeangusha nini, dada?" akauliza kijana mwenye kanzu iliyopigwa pasi ikanyooka.

"Nasoma saa kwenye kivuli changu. Simu imezima. Saa nne imeshapita."

Kijana huyo, Muataz, akatazama saa yake ya mkononi, akaona kweli, akacheka. Basi lake likamwacha akiomba namba ya simu ya Arafa.

Baadaye akampigia. "Habibti, shangazi Jokha anataka saa ya jua ukutani kwake, ieleze historia ya mji."

"Historia yote, au ile ya kupendeza wageni?"

"Yote."

Arafa akachora. Upande wa asubuhi akaweka minazi, wa jioni pembe za ndovu. Chini kabisa, panapoangukia kivuli cha saa sita, akachonga mnyororo wa shingoni. Ukoo wa bibi yake uliletwa mji huu ukiwa umefungwa hivyo. Ukoo wa Muataz ulikuwa wa wafanyabiashara. Hawakuwahi kulizungumza.

"Ukiweza kuishi na mnyororo huu ukutani kwenu," Arafa alimwambia, "lete posa."

Siku ya kuuzindua ukuta, ua ulinukia udi na halua. Arafa alivaa baibui jipya. Pazia likashushwa. Palipokuwa na mnyororo pamechanua ua la asumini, chokaa bado mbichi.

"Nani kaufuta?"

"Tulia, mpenzi. Shangazi amekubali kuleta posa. Sharti lake lilikuwa hilo tu."

"Na sharti langu?"

"Ni ukuta tu, Arafa."

"Nionyeshe mikono."

Muataz akaificha nyuma ya kanzu. Lakini kucha zilishaonekana, nyeupe kwa chokaa.

Hata hivyo wakapatana, wakaoana Ijumaa iliyofuata, wakajaliwa mapacha.

Dada Arafa aliposoma hapo, akanirudishia karatasi niliyoiandikia hadithi hii.

"Harusi hiyo ilikuwa wapi? Mbona sikualikwa?"

Basi, nakiri. Nimeitunga, na mapacha pia. Posa ililetwa kweli, na Arafa mwenyewe akaenda mlangoni kuirudisha. Muataz alipiga simu mpaka akachoka. Nilidhani nikiandika harusi, angalau mtu mmoja angefurahi.

"Futa," akasema. Nimefuta.