Mrudisha Wenyeji

Kijiendea kilipanda mlima wa Isanga kimyakimya, kikakata kona ya kanisani, kikaja kusimama pua yake ikigusa kizingiti cha Mama Bupe. Mlango ukafunguka, kingazi kikateremka, na sauti nyororo ikasema, "Mgeni wetu, karibu upande. Usichafue viatu." Mgeni mwenyewe bado alikuwa na chai mdomoni. Ikabidi aimeze harakaharaka, akwapue mkoba, aage huku anapanda, na kabla Mama Bupe hajamaliza kusema wasalimie huko, mlango ulikuwa umeshafungwa na gari limeshateremka.

Ndivyo Mbeya ilivyokuwa siku hizo. Magari yalikuwa yameacha kuendeshwa na watu. Kila kijiendea kilikuwa na ubongo-mashine uliosoma barabara, ukungu na foleni, na zaidi ya yote ulijua kutafuta riziki. Mwenye nacho alikiamsha alfajiri, kikatoka chenyewe kwenda kubeba abiria na mizigo, jioni kikarudi na chumo lake. Bwana mkubwa siku nzima amekaa kibarazani anakuna kitambi! Na asiye nacho je? Haya, asiye nacho tumwite Sekela, maana habari yake ndiyo niliyoitaka tangu mwanzo.

Sekela alikuwa mwanamke wa makamo, hana mume wala mtoto, anaishi na baba yake, Mzee Ambilikile, katika nyumba ya matofali ya kuchoma jirani na Mama Bupe. Zamani alipikia madereva wa malori. Madereva walipokwisha, na jiko likazima, kwa sababu vijiendea havili maharage. Akauza maparachichi getini kwake, lakini nani atoke kwake kuja kununua wakati kijiendea kinamletea mlangoni, tena yamechaguliwa? Akasuka nywele, akashona, akafua. Kila alichoshika kilitaka umfikie mtu nyumbani kwake, na huko wenye magari walishawahi.

Kaka yake, Lusajo, alikuwa injinia wa vijiendea hivyohivyo. Aliishi Uyole, kwenye nyumba kubwa, na kipupwe kilipoanza alikuja, akakaa ukingoni mwa kiti, akasema neno lake.

"Mdogo wangu, sikusemi vibaya. Lakini gari huna, kazi huna. Baba atakula nini? Tungoje kipupwe kiishe. Kama bado hujapata kipato, namchukua nikae naye mimi."

Lusajo ndiye kifungua mimba, na neno la kifungua mimba katika ukoo ule halirushwi nje kama maji ya vyombo. Mzee Ambilikile aliendelea kukoroga chai ambayo haikuwa na sukari ya kukorogwa. Sekela aliumia jamani, aliumia sana, kwa sababu baba yake ndiye mtu pekee aliyekuwa akimngoja jioni.

Basi kipupwe hichohicho jiji likachimba barabara ya Isanga kupitisha mabomba. Vijiendea vikawa vinaishia njia panda ya chini. Kaka yake Mama Bupe, Mwalimu Kyando, alikuwa amekuja kumsalimia dada yake kama kawaida, na sasa ilibidi ashuke kwa miguu. Mama Bupe akasimama mlangoni anapapasa magoti yake mabovu.

"Sekela mwanangu, hebu tufuatane," aliita. "Kwenda nitajikongoja na kaka. Kurudi peke yangu na kilima hiki ndiyo kasheshe."

Wakaenda. Ndugu wawili mbele, taratibu, na Sekela nyuma kwa adabu, mbali kidogo asisikie ya watu. Katikati ya mteremko akaona Mwalimu Kyando amesimama. Akaona Mama Bupe anavua kitenge chake begani, anamfunika nacho kaka yake, mtu mzima na mvi zake, hapohapo barabarani. Walikaa hivyo kwa muda mrefu.

Wakati wa kurudi, Mama Bupe aliuegemea mkono wa Sekela huku akilia. "Wifi yangu anaumwa ugonjwa wa kumwondoa," alisema. "Kaka amekuja mara zote hizi kuniambia, akawa anarudi nalo tumboni."

Niwaeleze wasiotujua. Sisi watu wa huku neno zito hatulisemi kwenye kiti. Kwenye kiti tunasema mahindi, baridi, na bei ya mbolea. Neno lililomleta mgeni hutoka akishaaga, wakati anasindikizwa, mnatembea sambamba na kila mtu anatazama njia. Pale ndipo mtu huomba radhi, huposa, hukopa, huaga kweli. Sasa vijiendea vilikuja mpaka kizingitini, kwa heshima zote, vikawanyakua wageni kabla hawajasema. Mji mzima ulikuwa ukitembeleana, na hakuna aliyekuwa akiambiwa kitu. Loo, na mashine hazikuwa na kosa, zilifanya zilivyofunzwa.

Barabara ilifukiwa, vijiendea vikarudi mlangoni. Lakini mgeni wa Mama Bupe aliyefuata aliambiwa aache gari lake njia panda, na Sekela akaitwa. Safari hii alilipwa. Akaitwa na nyumba ya pili, na ya upande wa pili wa korongo. Kila mtu alikuwa na mgeni wa kusindikiza, ila magoti yalimzuia, au moyo, au woga wa kupanda peke yake. Sekela akajipatia fimbo, mwavuli na kigoda cha kukunja cha kupumzikia. Kwenda alikaa nyuma. Kurudi alitoa mkono, na kama mwenyeji alitaka kusema alisema, na kama alitaka kunyamaza walinyamaza wote. Hakuuliza kamwe. Watu wakambandika jina: Mrudisha Wenyeji. Mwanzoni walicheka, kazi gani hiyo ya kutembea! Baadaye waliocheka walianza kuweka zamu.

Kipupwe kikaisha, na Lusajo akaja.

Sekela alikuwa amejiandaa. Palikuwa na sukari, palikuwa na nyama, na baba alikuwa amevaa sweta jipya lenye vifungo. Akamsimulia kaka yake kazi yake tangu mwanzo, maana hili ndilo lililokuwa shaurini: Baba abaki au aende.

Lusajo alisikiliza mpaka mwisho. "Nimeona," alisema. "Hongera, mdogo wangu. Kweli hongera." Lakini alikuwa amepoa ghafla. Akanywa chai, akasema habari ya baridi, akasimama. Kijiendea chake kilikuwa kimeshafungua mlango.

"Lusajo," Mzee Ambilikile alisema. "Hilo gari lako likakungoje chini. Sekela, msindikize kaka yako."

"Baba! Na mimi nimekuwa mgeni?"

"Unakaa ukingoni mwa kiti, unachungulia mlango. Huyo ni nani kama si mgeni? Nendeni."

Wakashuka. Jua lilikuwa bado juu ya mlima Loleza. Sekela, aliyezoea kukaa nyuma, alijisikia vibaya kuwa mbele.

"Huku kufika mpaka mlangoni," Lusajo alianza, macho njiani, "mimi ndiye niliyevifundisha. Wenzangu walitaka viishie barabarani."

"Sikujua."

"Ulikuwa mdogo, hukumbuki. Baba alikuwa na wageni kila siku, na mimi ndiye niliyekuwa natumwa kuwafikisha barabarani. Mvua, ukungu, matope. Wao wanapanda basi, mimi narudi peke yangu nalia. Nikajiapiza nikikua hakuna mtoto atakayelowa hivyo tena. Nilidhani naondoa adha, Sekela."

"Ni adha kweli," Sekela alisema. "Hukukosea hapo."

Wakaendelea. Njia panda ilikuwa inakaribia, na kijiendea kilishawaona kikawasha taa. Lusajo akapunguza mwendo mpaka akasimama kabisa.

"Si kweli kwamba nilimtaka Baba kwa sababu huna gari," alisema. "Mama watoto alihamia Dodoma mwaka jana. Watoto wananitembelea, ndiyo. Gari linawaleta mlangoni, tunakula, gari linawachukua mlangoni. Sijui wana nini mioyoni. Na mimi sijawaambia kwamba silali. Ile nyumba ina vyumba, Sekela, watu haina. Nikasema Baba akija, angalau atakuwepo wa kukohoa."

Sekela naye alisimama.

"Nilikuwa namwomba Mungu usipate kazi," Lusajo alisema. "Kila usiku. Nisamehe."

Msidhani hakukasirika. Alikasirika mpaka masikio yakamuwaka. Siku alizofua nguo za watu, vidole vimekufa kwa baridi, kumbe huku kaka yake tumbo moja anamwombea akose! Alifungua mdomo amwambie. Kisha akamtazama, akaona kola ya shati imepinda na hakuna wa kumwambia, na hasira ikamwishia palepale akabaki na huruma tu, nyingi, asijue pa kuiweka. Akanyoosha mkono akaikunjua ile kola.

"Baba simtoi," alisema.

"Najua. Sikuja tena kumchukua. Nimeona alivyonenepa."

"Na wewe nani kakuambia urudi kwenye hiyo nyumba leo?"

Kijiendea kilifungua mlango, kikateremsha kingazi, kikamkaribisha bwana wake kwa jina. Lusajo alikitazama. Kisha akakiambia kiende kikafanye kazi, na chenyewe, kwa utii wake, kikafunga mlango kikaondoka. Akabaki amesimama njia panda, injinia mzima, hana usafiri. Sekela akampa mkono kama anavyowapa wateja wake wote, wakaanza kupanda. Lusajo alikuwa anahema vibaya, hakuzoea kilima, na njiani alilia, na dada yake hakumuuliza.

Walipofika, Mzee Ambilikile alikuwa jikoni anasonga ugali. Hakushangaa, wala hakuuliza gari liko wapi. Sufuria aliyopikia ndiyo ile kubwa.

"Kitanda chako kipo," alisema bila kugeuka. "Ila nimekipakia magunia ya viazi. Kayatoe mwenyewe, mgongo wangu mbovu."

Lusajo akavua koti, akaenda kutoa viazi.