Mkazi wa Arobaini na Mbili

Jana jioni orodha ya mahudhurio ya mkutano wa wadau ilikuwa na saini arobaini na moja. Leo asubuhi zilikuwa arobaini na mbili, na ya mwisho ilikuwa bado inachuruzika maji.

Clotilda aliigusa, akanusa kidole. Tope la kisimani. Ofisi yao iko ghorofa ya tatu, Mchafukoge, na bomba halijatoa tone wiki nzima.

Kwenye safu ya maoni, mwenye saini hiyo aliandika: *Nihamie wapi?*

Clotilda alijua ni nani. Mwezi uliopita, kwenye mkutano huo wa wadau wa mtambo wa kufua umeme wa gesi, Bi Kuruthumu, mwenyeji wa eneo la mradi, alisimama akasema kisima cha kale kilichopo pale kina mwenyewe, kisiguswe. Clotilda, mtaalamu wa mazingira, aliandika kwa adabu; alipofika ofisini akafuta. Kisima chenye mwenyewe kinadai sura nzima ya ripoti ya mazingira, na sura nzima ni miezi sita. Akaweka "shimo la kale, eneo halina mkazi", akatia saini. Serikali ina fomu ya popo, ya kobe na ya vumbi. Ya jini haijatoka.

"Toa kopi nyingine," alinong'ona Yogesh, mwenye kampuni. "Saa tisa ripoti iwe imepokelewa."

"Nimetoa nne, bosi. Zote zinalowa."

"Basi mhesabu. Mdau ni mdau."

Ndani ya kabati la mafaili kitu kilidondoka: to. Kisha tena: to.

Yogesh alishuka mwenyewe mpaka Kariakoo, akarudi na Abdulmajid, muuza udi ambaye pia hutoa majini. Mzee alivua viatu mlangoni, akanusa, akagoma kuingia.

"Shikamoo, mzee," Clotilda alisema.

"Marahaba. Binti, huyu simtoi. Aliyevamia nitamfukuza; huyu kahamishwa. Wewe ndiye uliyeandika kwamba hana kwake?"

"Ndiyo."

"Mrudishie kisima chake kabla ya alasiri. La sivyo, atahamia kwako."

Kwake ni Ilala, na huko alikuwepo mama yake, Bibi Severa, aliyeshuka kutoka Kilimanjaro kutibiwa moyo. Clotilda alirukia kompyuta, akaanza kurudisha maneno ya Bi Kuruthumu moja baada ya jingine, akichora uzio wa mita mia kuzunguka kisima, huku matone kabatini yakizidi kasi mpaka yakawa kama mtu anayetembea peku sakafuni, anayekuja, anayesimama nyuma ya kiti chake na kusoma juu ya bega lake, akimpumulia shingoni ubaridi wa mahali pasipofika jua.

Alimpigia Wilbert, msimamizi wa eneo la mradi.

"Wilbert, kile kisima msikiguse!"

"Kisima? Tumefukia Jumatatu, dada. Tuliambiwa kibali kipo njiani."

Matone yakakoma. Ubaridi ukatoka shingoni.

"Ameondoka," Yogesh alinong'ona, akijifuta jasho. "Mzee, ameondoka, siyo?"

Abdulmajid alikuwa ameshavaa kiatu kimoja.

Simu ya Clotilda ikaita. Ni mama.

"Mwanangu, mgeni wako amefika. Kalowa chapachapa, maskini, na jua lote hili! Anasema wewe ndiye uliyemwandikia. Nimeshamwonyesha chumba."