Mama wa Jumamosi

Jumamosi alasiri mlango wa maktaba ya mtaa haukuwa na pa kupitisha hata sindano. Siku hiyo ukumbi wa chini huonyesha filamu fupi za katuni, bure, na cha bure hakikosi wenyewe. Watoto walikanyagana, akina mama walibana pochi kwapani, na bawabu, kofia imemzidi kichwa, aliwaambia watu kwamba viti vina miguu lakini havikimbii.

Katikati ya msukumano huo alikuwepo Mkunga. Alivaa gauni la kijani lenye vifungo vyeupe, limepigwa pasi likanyooka, na viatu vyeusi vya kisigino kifupi. Mkononi alimshika msichana mdogo mwenye alama nyeusi shavuni. Kwa alama hiyo nyumba nzima ilimwita Kidoti.

"Unakumbuka tulivyokubaliana?" Mkunga alimnong'oneza.

"Humu ndani wewe ni mama. Nje ni shangazi. Na karanga zote zangu."

Ilikuwa hivi. Mkunga hakuwa na mtoto. Kutwa nzima wodini alipokea watoto wa wenzake, akawapangusa, akawafunga shuka, akawakabidhi, akarudi nyumbani mikono mitupu. Umri wa kuulizwa utaolewa lini ulikuwa umempita, akafika ule ambao watu hawaulizi tena. Na tangu utotoni alipenda katuni, mapenzi ya kufa na kupona. Mara ya kwanza alikuja peke yake, bawabu akamuuliza kwa wema tu, "Mama, mtoto umemwacha wapi?" Waliokuwa nyuma wakacheka. Akasema amekosea mlango, akaondoka kichwa chini kama aliyekutwa na kuku wa jirani.

Jumamosi iliyofuata alimwazima binti wa kaka yake, akidai anampeleka maktaba kusoma vitabu. Bawabu akauliza, "Huyu wako?" Ulimi ukamtangulia, "Wangu." Neno lilikuwa tamu, basi akalirudia, na mtoto akafundishwa kuliitikia.

Siku hiyo ya msongamano mkoba wa turubai ulimgonga nyongani, ukalia chuma.

"Samahani, mama," sauti ya kiume ilisema. "Spana hizi hazina adabu."

"Na mwenye nazo je?"

"Mwenye nazo anajifunza taratibu."

Alikuwa fundi wa lifti, mrefu, shati la buluu limefungwa hadi shingoni, na kwenye kucha zake weusi wa grisi uliokwisha kushinda kila sabuni. Bawabu alipomuuliza mtoto wake yuko wapi, alijibu, "Mtoto mwenyewe ndiye mimi," akapita. Mkunga alimtazama kwa wivu. Mtu mzima mzima, na haya hana.

Wakakaa jirani. Filamu ya tatu ilihusu birika lililopoteza kifuniko chake, likazunguka jiko zima likijaribu vifuniko vya wenzake. Kimoja kilibana, kingine kilidondokea ndani, kingine kikalicheka. Kidoti alikwishalala mapajani, mdomo wazi. Mkunga machozi yalimtoka asijue, mpaka leso yenye harufu ya grisi ilipotua gotini kwake.

"Mafua," alisema haraka. "Mimi katuni hata sizipendi. Namleta mtoto tu."

Fundi alimtazama mtoto aliyekuwa akikoroma, akamtazama mama, akasema, "Mafua mabaya sana," akageukia pazia la filamu.

Huo ndio ulikuwa mwanzo. Wakapeana namba, na simu zikaanza. Fundi alipiga akiwa ndani ya mashimo ya lifti, sauti inarudi mwangwi kama ya mtu kisimani. Mkunga alijibu akiwa chumba cha kunawia mikono cha wodini, mlango kaubana kwa kisigino.

"Mama Kidoti, habari ya huko juu?"

"Njema. Wewe uko wapi?"

"Chini ya watu saba waliokwama. Mmoja ananitukana. Nimemwambia asubiri, naongea na mtu wa maana."

"Watoe watu kwanza, wewe."

"Nitawatoa, mpenzi. Niambie tu kama Jumamosi utavaa lile la kijani."

Kila alipoitwa Mama Kidoti, moyo wa Mkunga uliruka juu, kisha ukashuka ukiwa mzito. Alijiambia Jumamosi hii nasema. Jumamosi ikafika, fundi akawa amemletea mtoto kisanduku kidogo cha vyuma alichokitengeneza mwenyewe, lifti ya mwanasesere, inapanda na kushuka kwa uzi. Angeanzia wapi?

Halafu fundi akauliza, taratibu, baba wa mtoto yuko wapi. Mkunga angeweza kusema yote pale pale. Badala yake aliangalia vidole vyake na kusema, "Alishatangulia."

Fundi alivua kofia. Alisema Mungu amrehemu, na tangu siku hiyo akawa hamtaji ila kwa jina la marehemu. Marehemu angefurahi kumwona mtoto alivyokua. Marehemu alipenda nini? Mwisho akasema jambo lililomkosesha Mkunga usingizi.

"Mimi sitaki kuwa mgeni anayeingia kwa dirisha. Kabla sijakwambia lililo moyoni, nipeleke kaburini kwa marehemu. Nisafishe kidogo, nimwage maua, nimwombe ruhusa."

Mkunga alisema makaburi yako mbali. Na kweli yalikuwa mbali, kwa maana marehemu alikuwa kwenye duka la pembeni ya mtaa akiuza rangi za nyumba.

Mwongo njia yake fupi, nayo iliishia kwenye safu ya nne. Jumamosi moja, birika likioshwa kwenye filamu nyingine ya aina ile ile, mlango ulifunguliwa na mtu mnene mwenye madoa ya rangi nyeupe mikononi akaingia, anatafuna karanga. Wifi yake Mkunga alikuwa na wageni, akamtuma mumewe amfuate mtoto.

"Baba!" Kidoti alipiga kelele, akamrukia.

Fundi alisimama, akampa mkono kwa heshima. "Wewe ni...?"

"Baba yake huyu," kaka alisema, akapangusa maganda ya karanga ili apeane mkono vizuri.

"Baba yake mwenyewe?"

"Nina mwingine?" Kaka alicheka.

Neno moja tu lingetosha, kaka yangu huyu. Lakini kulisema ilikuwa kumfichulia kaka kwamba amemfundisha bintiye kuita mama mwingine, na ya kwamba yeye kaka amezikwa akiwa hai. Fundi alimtazama mara moja, naye akaangalia vidole vyake. Akachukua mkoba wake, spana zikalia mpaka mlangoni.

Simu hazikupokelewa. Moja ilipokelewa, na hapakuwa na mwangwi wala mzaha. "Mke wa mtu sumu, mama," fundi alisema. "Na aliyemfukia mume angali anatembea, huyo ni zaidi ya sumu. Usinipigie."

Mkunga alikwenda kwa kaka yake, akakaa kwenye ukingo wa kochi kama mgeni, akasema yote. Kaka alicheka mpaka akakohoa. "Umenizika hata sanda hujaninunulia?" Wifi yake hakucheka. Aliendelea kukunja nguo za mtoto, moja baada ya moja.

"Mtoto ungeniomba, ningekupa," wifi alisema hatimaye. "Uwe naye siku nzima, akuite mama hata mbele yangu. Ila ulimfundisha kunificha. Amekuwa akirudi hapa nikimuuliza mlifanya nini, ananitazama kama ninayemkagua."

"Nisamehe, wifi."

"Nitakusamehe. Lakini Jumamosi Kidoti hatoki. Ukitaka katuni, nenda na miguu yako."

Akaenda. Gauni lile lile la kijani, mkono mmoja haujui ushike nini. Bawabu alisukuma kofia nyuma.

"Mama, leo mtoto yuko wapi?"

Nyuma yake watu walikuwa wamejaa. Uso ulimwaka moto. "Sina mtoto," alisema. "Yule ni wa kaka yangu. Nimekuja kutazama mwenyewe."

Bawabu alimwangalia kidogo. "Basi wahi mbele, leo wanarudia lile birika." Hakuna aliyecheka. Hakuna hata aliyesikia.

Fundi alikuwa safu ya nne, mkoba juu ya kiti cha pembeni. Taa zilikuwa zimezimwa.

"Kiti hiki kina mtu?"

"Kina mkoba."

Mkunga alibaki amesimama, akasema kwa sauti ya chini, bila kujipamba. Yule ni kaka yangu, tumbo moja. Mtoto ni wake na mkewe. Mimi sijazaa, sijaolewa. Nilimuua kwa mdomo kwa kuona haya, na haya hizo sasa zimezaa nyingine.

Nyuma mtu alisema mama kaa au utoke, hatuoni.

Fundi hakugeuka. "Nimemwombea dua kila siku," alisema. "Mtu anatafuna karanga, mimi namwombea mapumziko mema."

"Najua. Hiyo ndiyo inayoniuma."

"Kuna uongo mwingine?"

Alifikiri. "Mmoja. Nilisema sipendi katuni, namleta mtoto tu."

"Huo niliujua siku ile ile. Mtoto alikuwa amelala, wewe ndiye uliyekuwa unalia."

Kwenye pazia birika lilikuwa limefika kwenye kifuniko kile kinacholicheka. Fundi aliutoa mkoba kitini, akauweka chini, polepole, spana zisilie. Mkunga akakaa. Machozi yalimtoka na hakuyaita mafua.

"Sasa nikuite nani?" fundi aliuliza. "Mama Kidoti umeshamrudishia mwenyewe."

"Sijui. Niite utakavyo."

Fundi alitazama hadi birika likapata kifuniko chake, kilichopinda kidogo, kikaingia.

"Shangazi Kidoti," alisema, "kesho nipeleke nyumbani kwa marehemu. Nina ombi langu kwake, na mwambie chai nanywa bila sukari."