Abiria wa Getini

Ndugu zangu, asubuhi ile ilikuwa tulivu kweli. Mvua ilikuwa imeosha vumbi la barabarani, ndege walikuwa wakipigana juu ya nyaya za umeme, na pale kwenye kona ya tanki la maji watu wawili walisimama wakingoja gari kama walivyozoea. Mmoja alikuwa mkunga wa hospitali kubwa, mama wa makamo, mpole wa maneno. Wa pili alikuwa mtu wa maabara ambaye hospitali nzima ilimwita Darubini, kwa ajili ya miwani yake minene.

"Shemeji yako leo amelaliwa na kitanda," alisema Darubini akitazama barabara.

"Mwache. Ana mtoto mchanga ndani. Wewe hujui usingizi wa watu wenye mtoto mchanga."

"Basi angembeba na mtoto. Tungempakata kwa zamu."

Walicheka. Waliyekuwa wakimngoja ni mfamasia, mume wa mdogo wake mkunga. Kwa mwaka mzima gari lake lilipita pale kila asubuhi, likawachukua, na jioni likawarudisha. Siku hiyo halikuja. Mkunga alipompigia simu, sauti ya shemeji yake ilikuwa ya upole: "Dada, gari limegoma. Nendeni tu, mimi namtafuta fundi."

Wakapanda basi. Walipoingia getini mkunga aliliona gari la shemeji yake, limeegeshwa kivulini. Alipopita karibu aligusa boneti. Ilikuwa ya moto bado.

"Fundi wake anafanya kazi upesi," alisema Darubini.

Mkunga alijiambia kuwa labda gari lilipona mara tu baada ya simu. Mtu unayempenda humtafutia sababu kabla hajaiomba.

Sasa ni lazima niwaeleze gari hilo lilikuwa na maana gani, maana bila hivyo mtasema mkunga alinuna kwa sababu ya lifti.

Zamani hospitali ile ilikuwa na ugonjwa wake yenyewe. Kila mfanyakazi mwenye gari alikuja na gari lake, mtu mmoja ndani, viti vingine vitupu. Watu wa mtaa mmoja walifuatana barabarani kama siafu, kila mmoja na redio yake, wakafika mahali pamoja kwa wakati mmoja. Uwanja wa hospitali ulijaa. Moshi uliingia katika wodi ya watoto mpaka wauguzi wakawa wanafunga madirisha asubuhi, wakati ambao watoto wenye pumu wanahitaji hewa kuliko wakati wowote. Na njia nyembamba inayozunguka nyuma kwenda ghala la oksijeni iliziba. Lori la mitungi lilikuwa likisimama nje na kupiga honi mpaka watu watafutane kusogeza magari.

Aliyesimama katika mkutano wa wafanyakazi na kulisema jambo hilo alikuwa mfamasia. Hakuna aliyemtuma. Alisema, "Kwa mkono mmoja tunatibu vifua vya watu, kwa mkono mwingine tunavipulizia moshi. Tunaotoka mtaa mmoja, tuje pamoja. Mwenye baiskeli aje na baiskeli. Mwenye miguu mizima na nyumba ya karibu, atembee." Watu walipiga makofi. Mganga mkuu alimwomba aandike sheria, naye akaiandika: gari lenye wafanyakazi watatu au zaidi litaingia na kuegeshwa kivulini, la mtu mmoja libaki kwenye kiwanja cha ng'ambo ya barabara, juani.

Na sheria ilifanya kazi. Uwanja ulipumua. Baiskeli zilijengewa kibanda chao. Madirisha ya watoto yalifunguliwa.

Mtu aliyefurahi kuliko wote hakuwa hata mfanyakazi wa hospitali. Alikuwa baba yake mkunga, fundi cherehani mstaafu aliyeishi kwa binti yake huyo. Mapafu yake yalikuwa yamechoka, na hospitali ile aliifahamu kama anavyofahamu kitanda chake. Alimpenda mfamasia kupita kiasi. Jumapili walicheza drafti, wakituhumiana wizi wa kete. Mzee alizoea kuwaambia wageni, "Huyu si mkwe. Huyu ni mwanangu, ila nililetewa mzigo ukiwa umeshakomaa, sikuhangaika na nepi."

Basi, baada ya asubuhi ile, gari "liligoma" kesho yake pia. Kisha mfamasia akawa na safari za mapema. Kisha hakukuwa na sababu tena, wala simu. Darubini akanunua baiskeli. Mkunga akazoea basi.

Ukweli aliupata kwa dobi wa hospitali, mama mcheshi anayefua mashuka.

"Mama mkunga, shemeji yako ana roho nzuri. Anatubeba kila siku mimi na mwenzangu."

"Kutoka wapi?"

"Pale kituoni tunaposhukia basi."

"Pale kituoni? Mpaka wapi?"

"Mpaka hapa getini," alisema dobi, akacheka mpaka akashika kiuno. "Makalio hayajapata hata joto la kiti, tunaambiwa shukeni! Tunajiita abiria wa getini. Mlinzi anahesabu vichwa vitatu, anafungua, gari linakwenda kivulini. Kwani wewe hukujua?"

Mkunga alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha dawa. Mfamasia alikuwa akihesabu vidonge kwenye sinia.

"Shemeji, gari lilipona?"

"Gari gani?"

"Lile lililogoma."

Mfamasia alicheka kidogo, mkono wake ukaendelea kusukuma vidonge. "Dada, usinipandishe kizimbani. Zamu yako haina mwisho. Mama wa watu akichelewa kujifungua, mimi nasinzia garini nakungoja. Darubini naye anasimulia ndoto zake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nikiwa peke yangu nasikiliza redio yangu, nafika nimetulia. Hilo nalo ni kosa?"

"Si kosa kuchoka. Ungetuambia tu umechoka. Kosa ni kutuambia limeharibika, halafu pale getini unawaonyesha watu kwamba tuko pamoja."

"Si gari lina watu watatu? Sheria inasema watatu. Haisemi wametoka wapi."

"Sheria uliiandika wewe."

"Ndiyo maana naijua vizuri," alisema mfamasia, na akamtazama kwa tabasamu lile lile alilotabasamu mbele ya wafanyakazi wote siku ya makofi.

Mkunga alirudi wodini. Jioni alimweleza mdogo wake, akidhani atapata mtu wa kukasirika naye. Mdogo wake alimnyonyesha mtoto bila kuinua uso. "Dada, ukienda kwa mganga mkuu, anayeaibika ni mimi. Ni gari tu. Nani amekufa?"

Hivyo alinyamaza. Baba yake alipomwuliza mbona siku hizi hawaji pamoja, alimjibu, "Zamu zimebadilika, baba." Ilikuwa mara ya kwanza kumdanganya mzee huyo tangu utotoni, na alimdanganya kwa ajili ya mtu mwingine.

Jamani, hila ya mtu mkubwa haikai peke yake. Mhasibu aliona. Daktari wa meno aliona. Wakasema, kama aliyeanzisha mwenyewe ameacha, sisi ni nani? Muda si mrefu pale kituoni pakawa soko. Magari yalipanga foleni kuokota abiria wa getini, na dobi akagombewa kama bibi harusi. "Leo nimepanda la daktari wa meno," alijigamba, "lina ubaridi ndani kama jokofu. Nilitaka nizunguke nalo mara mbili, akakataa."

Watu walicheka. Lakini kivuli kilijaa, magari yakamwagika mpaka njia ya nyuma, na wauguzi wa watoto wakaanza tena kufunga madirisha. Mlinzi alilalamika mara moja, akaambiwa kazi yake ni kuhesabu vichwa.

Kisha kifua cha mzee kikabana. Alilazwa wodi ya wanaume. Siku hiyo wagonjwa wa kifua walikuwa wengi, na mitungi ya oksijeni iliyobaki ilikuwa ikielekea mwisho, lakini hakuna aliyehofu, kwa kuwa lori lilikuwa njiani. Mkunga alimwomba mwenzake amshikie kazi, akaketi kando ya baba yake.

"Mkwe wangu yuko wapi?" aliuliza mzee, sauti ikitoka kwa vipande. "Mwambie... nina kete moja yake... nimeificha."

"Atakuja, baba. Yuko kazini."

Honi ya lori ilisikika nje. Wauguzi walitazamana kwa nafuu. Honi ililia tena. Na tena. Mkunga alisimama dirishani, kisha akatoka mbio.

Lori lilikuwa limeingiza kichwa getini, likakwama hapo. Kwenye mdomo wa njia ya ghala lilisimama gari moja, limeegeshwa ubavu kwa sababu kivulini hapakuwa na nafasi. Lilikuwa la mfamasia. Mkunga alipiga simu yake. Ndani ya gari lililofungwa, juu ya kiti cha mbele, simu iliwaka na kuanza kulia, na kwenye kioo chake paliandikwa "Dada". Alikata, akapiga tena, kama mtu anayeamini kwamba ikilia kwa nguvu zaidi mwenyewe atatokea. Mlinzi alikimbilia chumba cha dawa. Dirisha lilikuwa limefungwa. Hakuna aliyekumbuka kwamba siku hiyo ni ya kuhesabu dawa, na mfamasia yuko ghalani kwake chini, nyuma ya mlango mzito.

Wanaume walijaribu kulisukuma gari. Breki ya mkono ililizuia. Basi wakashusha mitungi barabarani, wakaiviringisha kwa mikono katikati ya magari, wakikwaruza milango, wakivunja vioo vya pembeni. Hata dobi aliweka mashuka chini akasukuma. Mtungi wa oksijeni si ndoo ya maji. Ni chuma kizito, na magari yalikuwa yamebanana.

Mtungi wa kwanza ulipofika wodini, muuguzi alikuwa bado anambonyezea mzee hewa kwa mfuko wa mkono. Waliuunganisha upesi. Lakini kifua cha mzee kilikuwa kimeacha kuitika.

Mfamasia alitokea akikimbia, funguo mkononi, jasho usoni. "Nimeambiwa gari langu... Nani anayehitaji oksijeni?"

Aliyejibu ni Darubini.

"Mkweo."

Daktari alizungumza na mkunga kwa ukweli. "Mapafu yake yalikuwa yamechoka sana. Siwezi kukuapia kwamba angepona. Ninachoweza kukuambia ni kwamba mtungi ulikuwa barabarani, na yeye alikuwa humu ndani."

Baada ya mazishi, wageni walipokwisha kuondoka, mfamasia alikuja na kuketi kwenye kizingiti cha nyumba ya mkunga. Hakuthubutu kuingia. Mdogo wake mkunga alikuwa ndani na mtoto, akilia kimya.

"Dada, nakuapia, sikujua kwamba ni yeye."

Mkunga alimwuliza, "Na kama angekuwa baba wa mtu mwingine?"

"Alikuwa akikuulizia," mkunga aliendelea. "Mimi nikamwambia uko kazini. Mpaka mwisho nilikusetiri."

FUNDISHO

Ndugu msomaji unayefanya kazi hospitalini, shuleni, ofisini au popote watu wengi wanapoelekea asubuhi: gari lenye mtu mmoja si siri ya mtu mmoja. Nafasi linayochukua ni ya mwingine. Moshi linaoacha unavutwa na mtoto wa mwingine. Ukiweza kutembea, tembea. Ukiweza baiskeli au basi, panda. Na kama huna budi kuja na gari, wapitie majirani zako, uwachukue milangoni kwao, si mbele ya geti.

Kuchoka si dhambi. Kama umechoka kuwangoja wenzako, waambie. Watajipanga upya na hakuna atakayekuchukia. Lakini ukiwahimiza watu kufuata jambo, kisha ukaligeuza kuwa maonyesho, umewafundisha wote kuonyesha tu. Nanyi mnaoliona jambo hilo likifanyika mkalicheka, au mkalinyamazia kwa ajili ya heshima ya nyumba, jueni kwamba heshima hiyo ina mtu anayeilipia.

Siku hizi hospitali ile haihesabu vichwa getini. Wafanyakazi wamejipanga kwa mitaa, kila mtaa na gari lake na zamu zake, na kwenye njia ya ghala hakuegeshwi kitu. Mfamasia huja kwa miguu. Bado ni shemeji yake mkunga, na bado wanafanya kazi chini ya paa moja. Mkunga anapohitaji dawa za wodi huenda dirishani kwake, hutaja dawa anazozitaka, hupewa, hushukuru, huondoka.