Helmeti ya Domingas

Mama mwenye nyumba wetu hapa Yogyakarta, Bu Wartini, ana maneno mawili yanayonichemsha damu: “Hapo tu!” Ndiyo aliyomwambia Domingas, mwanafunzi mgeni kutoka Timor, naye akatoka na pikipiki kichwa wazi, akafia barabarani, asirudi tena. Helmeti yake ikabaki ukutani.

Juzi homa ilimpanda rafiki yangu Olandina, akaazima pikipiki akanunue dawa. Akainyoshea mkono ile helmeti.

“Iache! Kwani unakwenda vitani? Duka la dawa ni hapo tu!”

Akaiacha ukutani, akatoka kichwa wazi. Mvua ilitia giza mchana kweupe. Njiani Olandina akasikia, nyuma ya kisogo chake, mkanda wa helmeti ukifungwa: tak!

Alirudi akanisimulia. Helmeti ilikuwa palepale msumarini, ikichuruzika maji. Nikatia mkono ndani. Ilikuwa na joto la kichwa cha mtu.